Uzito wa Majini

Kitu chochote ukikizamisha majini hupungua uzito. Khalfani Chande alilijua hilo tangu utotoni, alipokuwa akikaa chini ya meza ya baba yake, sonara wa Ujiji, na kwa ujuzi huo alikuwa amewaumbua watu wengi waliomletea shaba wakiapa kuwa ni dhahabu. Unapima kitu kikiwa kikavu. Kisha unakifunga uzi, unakining'iniza kwenye mkono wa mzani kikiwa kimezama ndani ya bakuli la maji, unapima tena. Dhahabu hupungua kidogo, shaba hupungua zaidi, alumini hupungua sana. Kisichopungua hakijaumbwa.

Siku aliyoizamisha yoyo ya Klementina, mkono wa mzani uliinama.

Alidhani amekosea mawe. Akaitoa, akaikausha vizuri kwa kitambaa, akaanza upya. Ilipozama, mkono uliinama tena, chini kuliko mara ya kwanza. Khalfani akachungulia bakulini. Uzi ulikuwa umekaza kama waya wa zeze, kana kwamba kuna mtu ameushika kwa chini, na bakuli lenyewe halikuwa na kina cha kuzidi kiganja cha mkono.

"Mzee, imekuwaje?" Klementina aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakupenda kuingia chumbani mle yoyo ikiwa imo majini.

"Mzani wangu umezeeka kama mimi," akamjibu. Akaitoa yoyo, akaiweka juu ya meza, akaanza kuyahesabu upya mawe ya mzani.

Huo ulikuwa mwaka ambao Warundi walivuka kwa maelfu. Walijazana Kagunga, kwenye ule ufuko mwembamba kati ya mlima na ziwa, wakalala juu ya mchanga na juu ya maradhi, hadi meli ilipoanza kuwachukua makundi kwa makundi kuwaleta Kigoma. Wengi walipelekwa makambini. Klementina alishushwa bandarini akiwa na homa kali, na Kuruthumu, mke wa Khalfani, aliyekwenda pale kugawa uji pamoja na wanawake wenzake wa Rusimbi, alimwona ameegemea ukuta anaongea peke yake. Bibi mzaa mama wa Kuruthumu alikuwa mzaliwa wa huko huko Burundi. Kuruthumu akamsemesha kwa Kirundi, binti akalia, wakaja wote nyumbani. Akapewa chumba cha uani.

Homa ilipopoa ndipo alipoeleza habari ya mdogo wake.

Aliitwa Dismasi. Bujumbura alikuwa maarufu kwa mchezo wa yoyo, kile kichezeo cha magurudumu mawili madogo yaliyoungana katikati, kinachopanda na kushuka kwenye uzi uliofungwa kidoleni. Alianza na ya plastiki, kama zile zinazouzwa sikukuu ya Idi. Mgeni mmoja aliyemwona akicheza barabarani alivutiwa naye mno, akamwachia ya kwake, ya madini matupu, nzito, baridi, yenye kuvuma ikizunguka. Dismasi hakuiacha tena, hata siku ya kukimbia. Mtumbwi waliopanda ulikuwa umejaa kupita kiasi, na karibu na Kagunga, alfajiri, wimbi liliupiga ubavuni. Dismasi akatumbukia. Uzi ulikuwa kidoleni mwake. Yoyo ilimrukia dada yake mapajani, akaidaka.

"Nilikuwa nayo mkononi," alisema Klementina. "Uzi ukawa unakwenda, unakwenda, mimi nimeshika. Ukafika mwisho, ukakaza. Nikamhisi, mama. Nilimhisi kabisa. Kisha ukakatika."

Tangu siku hiyo aliamka kila asubuhi mkono wa kulia ukiwa umelowa hadi kwenye kiwiko.

Kuruthumu alimpeleka Kibirizi kwa Bi Merina, mwanamke wa Kikongo ambaye wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo zamani, naye akajulikana ufuko mzima kwa tiba za watu walioguswa na ziwa. Bi Merina aliitazama yoyo kwa mbali. Hakuigusa.

"Kila madini yana wenyewe," alisema. "Kuna wanaokaa kwenye shaba, wengine fedha, na wengine hawasogelei kitu fulani hata ukiwaita. Nendeni mkaniletee habari ya hiki kitu, kimetengenezwa na nini na nini, na msiache hata kipande. Nikikosea dawa nitamfungulia mlango badala ya kumfungia."

Hivyo ndivyo yoyo ilivyofika kwenye meza ya Khalfani. Alikubali kwa moyo mweupe. Maisha yake yote hakuwahi kuletewa kitu asichokijua.

Pete za pembeni, zenye rangi ya njano, hazikumsumbua. Alizidondoshea tindikali, zikatoka povu la kijani: shaba. Lakini kiwiliwili chenyewe, cha kijivu kama anga la masika, kilimkatalia kila swali. Sumaku haikukishika. Tupa iliteleza juu yake ikipiga kelele. Tindikali ilikaa pale kama maji ya kunywa, ikakauka. Kilikuwa kizito kuliko alumini, chepesi kuliko chuma, na fedha hakikuwa. Ndipo alipoamua kutumia maji, njia ya baba yake, na maji yakamjibu vile.

Kesho yake alijaribu kitu kingine. Alimwomba Klementina amfundishe kuichezesha, akidhani mvumo wake utamwambia jambo, kwani kila madini yana sauti. Binti akamfungia uzi mpya kwenye kidole cha kati, akamwonyesha jinsi ya kuitupa. Ikashuka, ikazunguka mwishoni mwa uzi, ikavuma.

Mwanzoni ulikuwa mvumo wa kawaida, kama nyuki aliyenaswa chupani. Kisha ukashuka, ukawa laini, ukapata mwendo wa kupanda na kutua, na Khalfani akatambua kwamba anachokisikia ni mwanamke anayebembeleza mtoto, mdomo ukiwa umefumbwa. Akatazama chini. Yoyo haikuning'inia wima. Ilikuwa imeegemea upande mmoja, uzi umelala mshazari hewani, ukielekea mlangoni, magharibi, ziwani, na kidole chake kikaanza kwenda nao, mkono ukafuata kidole, mguu ukafuata mkono, na alipofika kizingitini bila kukumbuka kuwa ameinuka kwenye kiti ndipo Klementina alipouvua uzi kwa meno.

Chumba kilinuka tope baridi, lile tope la vilindini ambako jua halijawahi kufika.

"Unamsikia na wewe?" Klementina alinong'ona.

"Nilisikia mwanamke."

Binti akatikisa kichwa. "Mimi namsikia Dismasi."

Khalfani aliifunga yoyo katika kitambaa, akaitia ndani ya sanduku la zana. Alikusudia kuirudisha Kibirizi siku hiyo hiyo, aseme ameshindwa. Alikwenda kwanza msikitini kuswali adhuhuri. Aliporudi nyumbani palikuwa kimya, kimya kisicho cha mchana, kuku wamejikusanya juu ya paa la jiko kana kwamba uani kumefurika maji, na pale karibu na kamba ya nguo Kuruthumu alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la kufulia, mikono imelegea ubavuni, khanga imemteleza mabegani, na uso wake wote, hadi masikioni, ulikuwa umezama ndani ya maji.

Alimvuta kwa nguvu hadi wote wawili wakaanguka. Alimgeuza, akampiga mgongoni, akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, jina ambalo hawakulitaja tangu walipomzika. Kuruthumu hakukohoa. Hakutapika hata tone. Alifumbua macho taratibu, akamtazama mumewe kama mtu aliyeamshwa usingizini bila sababu.

"Mbona umenitoa?" alisema. "Kule kumetulia."

Kisha akajitambua, akaona nywele zake zinavyochuruzika, akaanza kulia kwa hofu, naye Khalfani akamkumbatia pale chini kwenye matope.

Hapo wazo la kushindwa likamtoka. Kilichokuwa kwenye yoyo kilikuwa kimeshaijua nyumba yake.

Asubuhi alikwenda Mwanga kwa Leodgar, fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, aliyewahi kufanya kazi karakana ya reli. Walijuana miaka mingi. Leodgar aliipokea yoyo, akaipima kwa kuirusharusha kiganjani, akatabasamu.

"Hiki si kichezeo cha hapa, Mzee Khalfani. Ngoja tukiulize kwa moto."

Akawasha jiwe la umeme la kunolea, akaigusisha kidogo sana. Chuma hutoa cheche za rangi ya machungwa. Shaba na alumini hazitoi kitu. Hii ilirusha cheche nyeupe, nyeupe mno, zenye kuumiza macho, mfano wa umeme wa radi.

"Titaniamu," alisema Leodgar, akazima mashine. "Wanatengenezea ndege hii. Na hospitali kubwa wanaiweka ndani ya watu waliovunjika mifupa. Haishiki kutu hata uiache ziwani miaka mia."

"Na ndani kuna nini?"

"Tufungue tuone."

Aliibana, akaizungusha, nusu mbili zikaachana. Mhimili mwembamba wa katikati ulikuwa titaniamu pia. Beringi ndogo ilikuwa na gololi nyeupe, ndogo kama meno ya mtoto mchanga. Leodgar aliipitishia sumaku, haikushtuka. "Kauri," alisema, akistaajabu. "Udongo uliochomwa. Hawakuweka chuma hata chembe. Kitu kizima, hakuna chuma."

Wakati akisema hayo maji yalianza kutoka. Yalitoka katikati, pale mhimili ulipokuwa, tone moja, la pili, kisha yakawa uzi mwembamba usiokatika, yakatiririka juu ya meza, yakamwagika sakafuni, yakapita katikati ya vumbi la chuma bila kulichukua, yakikwepa kila chembe, yakiizunguka, yakitafuta njia safi ya kufika mlangoni. Na kitu kilichokuwa kikiyatoa kingeweza kukaa ndani ya ngumi ya mtu.

Leodgar alirudi nyuma hadi akagonga ukuta.

"Mzee Khalfani," alisema kwa sauti ndogo, "nakuheshimu sana. Chukua kitu chako uondoke nacho."

Bi Merina alimsikiliza Khalfani, aliyekuja pamoja na Klementina, hadi mwisho bila kumkatiza. Titaniamu hakuijua, akaomba aelezwe mara mbili. Kauri aliijua. Lakini aliposikia kwamba hakuna chuma, alipiga kofi moja la taratibu, kofi la mtu aliyeona kitu alichokuwa anakitafuta.

"Ndiyo maana. Watu wanazama kila mwaka humu, lakini mtu huzama na chuma chake. Ana ufunguo, ana kifungo cha mkanda, ana pini kwenye nguo. Mtumbwi wenyewe una misumari. Huyo aliye chini hakipendi chuma, anamshika mtu na kumwachia. Sasa kijana huyu ameshuka hana kitu, na kidoleni ana uzi, na kule juu mwisho wa uzi kuna kitu safi, kizito, ambacho hakiozi. Amemweka kijana chini, na huku juu ameachiwa mlango kwa dada yake."

"Ni nani huyo?" Khalfani aliuliza.

"Jina lake silitaji karibu na maji."

Akamgeukia Klementina. Akamwambia kwamba mhimili utolewe, utiwe wa chuma, kisha aitupe ziwani uzi ukiwa kidoleni mwake, na aukate. "Utasikia unaitwa. Usiitikie. Aliyeshika uzi upande wa pili si ndugu yako."

Klementina alimtazama kwa macho makavu. "Wewe unajuaje?"

Bi Merina akampa kisu.

Khalfani alitengeneza mhimili kwa msumari wa mtumbwi mzee, akiukata na kuupunguza kwa tupa. Kila tupa ilipopita, yoyo iliyokuwa imelala wazi mezani ilitoa jasho. Alipoupitisha msumari katikati na kuupigilia ncha zote mbili, nyundo ilimrudi mkononi kana kwamba anapiga kifua cha mtu. Hakusimama. Alisoma Ayatul Kursi kwa sauti na kupiga, alisoma na kupiga, hadi zile nusu mbili zikakaza.

Walikwenda ufukoni asubuhi, mbali na mitumbwi, mahali ambapo mawe yanaingia ziwani. Kuruthumu naye alikuja, amefunga ufunguo wa mlango kwenye pindo la khanga. Maji yalikuwa yametulia kama kioo. Bi Merina alisimama na jembe mkono mmoja na jiwe mkono mwingine, na akaanza kuligonga jembe, taratibu, ngo, ngo, ngo.

Klementina alivaa kitanzi cha uzi kidoleni, akaitupa yoyo.

Haikuruka mbali. Iliingia majini bila sauti, na uzi, ambao wote walikuwa wameuona urefu wake, uliofika kiunoni tu, ukaanza kwenda, ukaenda kupita mawe, ukaenda kupita pale maji yanapogeuka kutoka kijani kuwa meusi, unateleza kutoka kidoleni kama unaozaliwa hapo hapo, na Klementina akaanza kuufuata, magoti yakazama, mapaja yakazama, kiuno kikazama, naye Khalfani akaingia nyuma yake na nguo zake zote, akamshika khanga kwa mikono miwili, akiita jina lake, huku jembe likilia ufukoni na Kuruthumu akisali kwa sauti ya kupasuka. Na hapo ndipo Khalfani mwenyewe aliposikia, kutoka chini ya miguu yao, sauti ya kijana, iliyo karibu sana, inayotetemeka kwa baridi.

"Mushiki wanje," ilisema. "Mushiki wanje, ntundekure."

Kirundi na Kiha ni ndugu, Khalfani hakuhitaji mkalimani. Dada yangu, usiniachie.

Klementina alisimama. Kisu alichopewa na Bi Merina kilikuwa mkononi, nao mkono ulikuwa umekufa. Uzi ulikaza. Ulikaza kama alfajiri ile, akamhisi mtu mwishoni mwake, hai, anavuta. "Nimekushika," alisema kwa Kirundi, na hapo hapo maji yakamfika kifuani.

"Mwanangu, kata!" Kuruthumu alipiga kelele.

"Ni yeye, mama! Ni yeye!"

"Kama ni yeye," alisema Khalfani sikioni mwake, akihema, "angekuita umfuate?"

Klementina alilia kilio ambacho Khalfani hakuwahi kukisikia kwa mtu wala mnyama. Akakata.

Kwa kitambo hakukuwa na chochote. Kisha kutoka mbali, kule kwenye maji meusi, mwanamke alipiga yowe. Lilikuwa yowe la mtu aliyefiwa. Likarefuka, likapanda hadi kwenye vilima nyuma ya Kibirizi, likarudi, likazama. Ziwa likafanya wimbi moja dogo, likawalowesha, basi.

Walipomtoa ufukoni Klementina alikaa chini, akamwangalia Bi Merina. "Na kama alikuwa yeye?"

"Basi utanilaani mimi," mwanamke yule alimjibu, akiweka jembe chini. Alionekana amechoka sana. "Usijilaani mwenyewe."

Mkono wa Klementina haukulowa tena. Nyumbani kwa Khalfani kuku walishuka kwenye paa, na Kuruthumu alifua nguo, ingawa kwa muda mrefu alifua akiwa amesimama. Klementina hakulala, lakini alianza kula. Haikupita wiki, mvuvi aliyetoka kaskazini akaleta habari: Kagunga kumeibuka maiti ya kijana, hakuna anayemtambua, na katekista amesita kumzika kwa sababu haonekani kama mtu aliyezama.

Khalfani na Kuruthumu walipanda naye boti. Kijana alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha kibanda, juu ya mkeka, amefunikwa shuka. Watu walisimama mbali. Miezi ilikuwa imepita tangu mtumbwi ule ulipopigwa na wimbi, na ziwa halimhurumii mtu hata kwa siku tatu. Khalfani aliomba aangalie kwanza yeye. Akafunua.

Uso ulikuwa mzima. Ngozi ilikuwa nyororo, midomo imefumbwa, kope zimelala. Ungesema amepitiwa na usingizi. Klementina alipiga magoti, akamshika shavu, akaliita jina lake, na kwa mara ya kwanza akamlilia kama watu wanavyolilia wafu wao.

Kisha akamgusa kichwa. Akaivuta shuka nyuma zaidi.

"Nilimnyoa mwenyewe," alisema. "Siku tuliyoondoka. Nilimnyoa kipara."

Dismasi alikuwa na nywele. Zilikuwa ndefu, zimepakwa mafuta, na zilikuwa zimesukwa, mistari midogo midogo, myembamba kuliko kidole cha mwanamke kinavyoweza kusuka, ikipita kwa mtindo ambao hakuna aliyekuwepo aliyewahi kuuona Burundi, Kongo wala Ujiji. Ilianzia sikio la kulia, ikapanda, ikavuka utosi. Pale ilikoma. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimechanwa tu, zimegawanywa mafungu, tayari.

Mwanamke mzee wa Kagunga alisogea, akainama, akaangalia kwa makini kama mtu anayeijua kazi hiyo.

"Aliyesuka hakumaliza," alisema.

Klementina alikiweka kichwa cha mdogo wake mapajani, akaanza kufumua, msuko mmoja baada ya mwingine, naye katekista akasubiri na wachimba kaburi wakasubiri. Na chini kule ufukoni, bila kuambiwa na mtu, akina mama wa Kagunga walianza kuwaita watoto wao watoke majini.